Nikituma run, kihariri changu kinaganda. Vihariri vikubwa vinaongeaje na dibaga?

Swali: Shikamoo kaka. Nasoma mwaka wa pili hapa Nyegezi, Mwanza. Najiandikia kihariri cha msimbo kwa Python na Tk (maktaba ya kuchora madirisha), na nimeamua kiwe na dibaga (programu ya kusaka hitilafu) ndani yake, yaani GDB, ili mshale uonyeshe mstari ambao programu imefika. Nimeianzisha GDB kwa Popen, natuma amri, nasoma jibu kwa readline. Amri ya break inajibiwa vizuri. Nikituma run, dirisha lote linaganda. Mara nyingine jibu ninalopata ni la amri iliyopita. Na maneno ya printf hayaonekani mpaka mwisho, halafu yanakuja yamechanganyika na ya GDB. Programu yenyewe ni ya C, inajumlisha kilo za dagaa za mama pale sokoni Mwaloni. Naomba msaada.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kuanza na kazi ngumu. Jana usiku nilikaa na kompyuta yangu hapa Kirumba nikaandika kihariri kidogo kama ulivyoeleza, nikaona kwa macho yangu: kinaganda kweli. Sababu ziko kadhaa na zimeingiliana, lakini kabla ya kuzichambua tuelewane kwanza nani anaongea na nani.

Kihariri chako ni mchakato mmoja, yaani programu inayokimbia. GDB ni mchakato wa pili. Programu ya dagaa ni wa tatu, na mlezi wake ni GDB. Kwenye Linux, GDB inaishika programu kwa wito wa mfumo unaoitwa ptrace. Kwa huo inaisimamisha, inasoma memori yake, hata kubadilisha baiti zake. Ukiweka kituo (breakpoint, mahali pa kuisimamisha programu) kwenye mstari wa 14, GDB inatafuta anwani ya mstari huo, na kama prosesa ni ya x86 inaondoa baiti iliyokuwepo na kuweka 0xCC mahali pake. Programu ikiikanyaga baiti hiyo, keneli inaisimamisha na kuijulisha GDB. Kihariri chako hakina mkono katika hayo yote. Kinachoweza kufanya ni kuandika herufi kwenye paipu (mfereji wa data kati ya michakato) inayoingia GDB na kusoma herufi kwenye paipu inayotoka. Nukta nyekundu pembeni mwa mstari, mshale, thamani ya kigeu (variable) inayojitokeza ukipitisha kipanya juu yake: yote hayo yamepita kwenye mapaipu hayo mawili yakiwa maandishi.

Sasa tatizo la kwanza. GDB uliyoianzisha inadhani inaongea na mtu aliyekaa mbele ya terminali. Inaandika `(gdb)` na nafasi moja, halafu inangoja mtu achape. Angalia hapo kwa makini: baada ya hiyo nafasi hakuna mwisho wa mstari, na readline hairudi mpaka ione mwisho wa mstari. Jaribu kutuma `delete 1`. GDB itafuta kituo kimyakimya na kuandika `(gdb)` nyingine. Wewe unangoja mstari ambao hauji, na kwa kuwa unangoja ndani ya uzi (thread) uleule unaochora dirisha, dirisha nalo linakufa ganzi.

Upande wa pili ni amri zinazosema zaidi ya ulivyotegemea. `next` ikibaki ndani ya kitendakazi (function) kilekile huandika mstari mmoja. `step` ikiingia kitendakazi kipya huandika miwili: wa kwanza unataja kitendakazi na hoja zake, wa pili unaonyesha msimbo. Wewe unasoma mmoja, wa pili unabaki kwenye paipu ukikungoja. Ukituma amri nyingine, unasoma huo uliobaki ukidhani ndilo jibu. Kuanzia hapo uko nyuma hatua moja, na hutaifikia tena.

Utashawishika kurekebisha kwa kuhesabu mistari, au kwa kutafuta maneno fulani ndani ya majibu. Tafadhali usifanye hivyo. Nilipita njia hiyo nilipoanza kazi. Nilitengeneza kifaa kilichosogeza mshale kila kilipoona neno "Breakpoint" kwenye majibu ya GDB. Kilifanya kazi miezi kadhaa, mpaka siku ambayo programu iliyokuwa ikichunguzwa ilichapisha neno hilohilo kwenye ripoti yake yenyewe. Mshale ukaruka kwenda kwenye faili lisilokuwepo. Nilipoteza siku mbili nikisaka hitilafu ndani ya programu ya watu iliyokuwa salama kabisa, na mteja ananingoja. Maandishi ya kumsomea binadamu hubadilika toleo hadi toleo, na yanafanana mno na maandishi ambayo programu yoyote inaweza kuchapisha.

Waliotutangulia walilijua hili mapema. Richard Stallman, aliyeandika GDB mwaka 1986, ndiye pia aliyeandika kihariri cha GNU Emacs, kwa hiyo programu hizo mbili zilianza kuongea zingali changa. Njia yao ya kwanza ilikuwa nyepesi na ya akili: Emacs iliianzisha GDB kwa chaguo la `-fullname`, na kila programu iliposimama GDB ilitoa herufi mbili zenye namba 26, herufi ambazo mtu hazichapi kwa kawaida, zikifuatwa na jina la faili, namba ya mstari na nafasi ya herufi, vikitenganishwa na nukta pacha. Emacs ikiziona herufi hizo mbili inajua mstari huu ni wake, inausoma, na haumwonyeshi mtumiaji. Chaguo hilo bado lipo, lijaribu ulione. Ila linakwambia mahali tu. Halikwambii kituo kimewekwa au kimekataliwa, wala vigeu vina nini. Kwa hayo ikaja lugha kamili ya mashine, inaitwa MI (Machine Interface), na Emacs ya leo inatumia hiyo.

Ianzishe hivi: `gdb --interpreter=mi3 --quiet ./dagaa`. Taja namba 3 waziwazi. Ukiandika `mi` peke yake utapewa toleo jipya kuliko yote katika GDB iliyopo, na siku mtu akiweka GDB mpya kihariri chako kitaamkia lugha ambayo hakijaizoea. Toleo la 3 lipo tangu GDB 9.

Hebu tuyaangalie mazungumzo yenyewe. Kihariri kinatuma mistari miwili:

```
2-break-insert dagaa.c:13
3-exec-run
```

GDB inajibu hivi (nimepunguza sehemu ndefu kwa nukta tatu):

```
2^done,bkpt={number="1",...,file="dagaa.c",line="14",...}
(gdb)
3^running
*running,thread-id="all"
(gdb)
*stopped,reason="breakpoint-hit",...,bkptno="1",
  frame={...,func="jumlisha",file="dagaa.c",line="14",...},
  thread-id="1",stopped-threads="all"
(gdb)
```

Hiyo `*stopped` nimeikata ipate kusomeka; kwenye paipu inakuja kwa mstari mmoja. Hata `(gdb)` sasa inamalizika kwa mwisho wa mstari, kwa hiyo readline haikwami tena.

Tazama namba 2 na 3 mwanzoni. Umeziweka wewe, na GDB inakurudishia zilezile. Ni kama kwa mama ntilie saa saba mchana: watu wanaagiza mfululizo, huyu ugali na sato, yule wali maharage, na sahani zinatoka jikoni kila moja na wakati wake. Mhudumu asiyekumbuka nani kaagiza nini atampa kila mtu sahani isiyo yake. Weka kamusi ndani ya Python, ufunguo uwe namba ya amri, thamani iwe kitendakazi cha kuitwa jibu likifika. Ukisoma `2^done`, chukua kitendakazi cha namba 2, kiite, kiondoe. Tatizo la jibu la amri iliyopita linaishia hapo.

Alama inayofuata namba ndiyo inayokwambia aina ya mstari. `^` ni jibu la ulichouliza: `^done`, `^running`, au `^error` pamoja na maelezo ya kosa. `*` ni habari ya programu yenyewe, imeanza kukimbia au imesimama. `=` ni taarifa nyingine, kama uzi mpya kuzaliwa. Mistari inayoanza na `~` ni maneno ya kumsomea binadamu, ambayo unaweza kuyaonyesha kwenye dirisha dogo la chini, na `&` ni kumbukumbu za GDB yenyewe.

Hii ya `*` ndiyo iliyokuangusha kwenye run. Jibu la `-exec-run` huja upesi, `^running`, na maana yake ni kwamba agizo limepokelewa na programu inakimbia. Halafu kimya. Programu inaweza kukimbia sekunde mbili au saa nzima. `*stopped` itakuja bila namba, kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Ukisimama pale Kamanga unaijua honi ya kivuko: hujaiita, inalia chombo kinapokaribia, na wewe ukiwa na shughuli zako unaisikia. Kihariri kinachosimama ukingoni kikitazama maji mpaka honi ilie, hakiuzi, hakinunui, na mwenye dirisha anadhani kimekufa.

Kwa hiyo kazi ya kusoma ipe uzi wake, na uzi huo usiguse Tk kabisa:

```
def msomaji():
    for mstari in gdb.stdout:
        foleni.put(mstari)
    foleni.put(None)

def sikiliza():
    while not foleni.empty():
        shughulikia(foleni.get())
    dirisha.after(30, sikiliza)
```

`msomaji` anakaa kwenye uzi wa pembeni, anangoja anavyotaka, na kila mstari anauweka kwenye `foleni`. `sikiliza` iko kwenye uzi wa dirisha, inapita kila milisekunde 30, inachukua kilichofika na kuondoka. Ile `None` ya mwisho inakuja paipu ikifungwa, yaani GDB imekufa au imetoka. `Shughulikia` iitambue, ufute mshale na uzime vitufe, maana hakuna wa kuongea naye tena. Ukituma amri, usisahau `flush`, la sivyo amri itabaki mfukoni mwa Python huku ukiilaumu GDB. Na kama umefungua stderr (mlango wa ujumbe wa makosa) kama paipu ya tatu, isome nayo au iunganishe na stdout. Paipu ya Linux kwa kawaida inabeba baiti 65,536; ikijaa na hakuna msomaji, anayeandika anasimamishwa papo hapo, na utaona GDB imenyamaza bila sababu ya kuonekana.

Nirudi kidogo kwenye mfano, kuna jambo ambalo watu wengi hulipita. Tumeomba kituo mstari wa 13, GDB imejibu 14. Haijakosea. Mstari wa 13 wa programu yako ni maelezo tu, `/* ongeza kilo za gunia hili */`, na maelezo hayana msimbo wa kusimamia; `jumla += kilo;` iko chini yake. GDB imesogeza kituo mpaka mstari wa kwanza wenye msimbo na kukwambia ilichofanya. Nukta nyekundu ichore pale GDB iliposema, usiichore pale mtumiaji alipobonyeza. Ukichora alipobonyeza, mshale utasimama mstari mmoja na nukta iko mwingine, na mtumiaji ataacha kukiamini kihariri chako, na atakuwa na haki. Kanuni hiyo ishike kwa kila kitu: kihariri kinaomba, GDB inaamua, kihariri kinaonyesha kilichoamuliwa. Hata mtu akiandika `break jumlisha` kwenye dirisha dogo la chini badala ya kubonyeza, GDB itatuma `=breakpoint-created` yenye maelezo yote, na nukta itachorwa kwa njia ileile.

Printf sasa. Hapa kuna mambo mawili, na yote yanatokana na ukweli mmoja: mchakato unaozaliwa hurithi milango ya mzazi wake. GDB ilizaliwa na kihariri, ikapewa mapaipu. Programu ya dagaa imezaliwa na GDB, ikarithi mapaipu hayohayo. Maktaba ya C ikiona inaandika kwenye paipu badala ya terminali, haitoi mstari mmoja mmoja. Inakusanya mpaka bafa ijae au programu imalizike. Ndiyo maana unaona maneno yote mwishoni kwa mkupuo. Na kwa kuwa paipu ni ileile ya GDB, maneno yanaingia katikati ya majibu. "Jumla: kilo 340" ikitokea bila mwisho wa mstari, itashikamana na `*stopped` inayofuata, na msomaji wako hataitambua.

Kuna baya zaidi ambalo bado hujakutana nalo. Programu yako bila shaka inamuuliza mama kilo za kila gunia kwa scanf. Inasoma kutoka wapi? Kutoka paipu ileile ambayo kihariri kinatumia kuipelekea GDB amri. Utatuma `-exec-next`, na scanf itaimeza ikidhani ni kilo za dagaa.

Dawa ni kuipa programu terminali yake. Python inayo: `pty.openpty()` inakurudishia ncha mbili, moja unabaki nayo, ya pili unachukua jina lake kwa `os.ttyname`, tuseme `/dev/pts/5`, na kabla ya `-exec-run` unatuma:

```
1-inferior-tty-set /dev/pts/5
```

Kuanzia hapo printf inaona terminali na kutoa mstari kwa mstari, scanf inasoma kwenye ncha hiyo, na paipu ya GDB inabaki safi kwa mazungumzo ya MI tu. Ncha uliyobaki nayo isome kwa uzi wa tatu na uionyeshe kwenye dirisha lake. Ile ncha ya pili usiifunge upande wako hata kama huitumii, vinginevyo programu ikimalizika usomaji wako utarudisha kosa. Ningechagua kitu kimoja tu cha kurekebisha leo, ningeanza na hiki.

Kitufe cha kusimamisha programu inayokimbia kina mtego wake. Kwa kawaida GDB, programu ikiwa inakimbia, haisomi amri. Utakachotuma kitakaa kwenye paipu mpaka isimame. Tuma `-gdb-set mi-async on` mwanzoni kabisa, ndipo `-exec-interrupt` itasikika wakati wowote. Weka pia kigeu kimoja kinachokumbuka kama programu inakimbia au imesimama, kigeuzwe na `*running` na `*stopped` tu, na vitufe vya hatua viwake au vizime kwa kukifuata. Ukipata `*stopped`, ndipo uombe `-stack-list-frames` na `-stack-list-variables --simple-values`. Hilo chaguo la mwisho linakupa thamani za vigeu vidogo na kuacha safu kubwa mpaka mtumiaji aombe. Programu yenye safu ya magunia elfu kumi itakushukuru.

Umetaja vihariri vikubwa. VS Code haiongei MI yenyewe. Microsoft walitengeneza itifaki nyingine, DAP (Debug Adapter Protocol), kwa sababu kila kihariri kujifunza lugha ya kila dibaga ni mzigo usioisha. Ujumbe wake ni JSON, ukitanguliwa na kichwa cha `Content-Length` kinachotaja urefu kwa baiti, na usihesabu herufi hapo, maana herufi moja ya Kiswahili ni baiti moja lakini alama nyingine ni mbili au tatu. Kwa C, nyongeza ya VS Code hupokea DAP upande mmoja na kuongea MI na GDB upande wa pili, kama mzigo kutoka Nansio unaoshushwa melini na kupakiwa bodaboda kuja kwako Nyegezi. GDB 14, iliyotoka mwaka 2023, inaongea DAP yenyewe ukiianzisha kwa `--interpreter=dap`. Ukitaka siku moja kihariri chako kichunguze Python pia, DAP ndiyo njia. Kwa sasa ningekaa na MI, kwa sababu unaweza kuichapa kwa mkono na kuisoma kwa jicho, na mtu anayejifunza anahitaji kuyaona mazungumzo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo wako, fungua terminali, ianzishe GDB kwa MI, na uchape ile mistari mwenyewe. Halafu ndani ya kihariri andika kila mstari unaotoka na unaoingia kwenye faili la kumbukumbu, na saa yake pembeni. Ukikwama, nitumie faili hilo badala ya picha ya skrini. Picha itanionyesha kuwa kimeganda, faili litanionyesha nani alikuwa anamngoja nani.